Chakula cha Kinewari ughaibuni: namna ya kukidumisha nyumbani, hatua kwa hatua

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mume wangu ni Mnewari wa Patan, Nepal, na watoto wetu wote wamezaliwa Uingereza. Kwa miaka ya mwanzo ya ndoa tulipika wali na mchuzi wa dengu, tukaona yatosha kuitwa nyumba ya Kinepali. Siku moja mavyaa wangu akamuuliza mjukuu wake kwenye simu ya video: "Umeshakula wo mwaka huu?" Mtoto, miaka 5 wakati huo, akanigeukia. Hakujua wo ni kitu gani. Mavyaa hakusema neno, ila niliona alivyoshusha macho.

Wanewari ni wenyeji wa Bonde la Kathmandu, penye miji ya Kathmandu, Patan na Bhaktapur. Sensa ya Nepal ya 2021 ilihesabu watu wao kama milioni 1.34, chini ya asilimia 5 ya nchi nzima. Lugha yao, Nepal Bhasa, UNESCO imeiweka katika orodha ya lugha zilizo hatarini. Ukiyajumlisha hayo na watoto wanaokulia London au Doha, utaelewa kwa nini sahani moja ya chakula imebeba mzigo mkubwa. Haya ninayoyaandika ni yale tuliyoyafanya jikoni kwetu, na yamefanya kazi. Nimewaandikia walioolewa au kuoa huko kama mimi, na yeyote anayeishi na Mnewari akatamani kumpikia cha kwao.

Hatua ya 1: Anza na kalenda, mapishi baadaye

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunatafuta mapishi ya yomari (andazi la unga wa mchele), tunaipika Jumamosi yoyote, watoto wanakula, basi, mwezi ujao imesahaulika. Chakula cha Kinewari kina siku zake. Ukikipika siku yake, mwakani mtoto mwenyewe atakuuliza.

Siku nyingi zinafuata mwezi mwandamo, kwa hiyo tarehe hubadilika kila mwaka. Muulize mzee wa familia mapema, au tazama kalenda ya Nepal. Sisi tulichagua nne tu. Ya kwanza ni Sithi Nakha, Mei au Juni, kabla mvua za masika ya huko hazijaanza. Ni siku ya kusafisha visima na chemchemi, na huliwa wo (kitumbua cha choroko). Ya pili ni Gunhu Punhi, mwezi mpevu wa Agosti, siku ya kwati (mchuzi wa maharage na kunde zilizochipua). Ya tatu ni Mha Puja, Oktoba au Novemba, siku ya mwaka mpya wa Nepal Sambat, kalenda iliyoanza kuhesabiwa mwaka 879. Siku hiyo kila mtu huiheshimu nafsi yake na mwili wake, na hupewa sagan (vyakula vitano vya heri). Ya nne ni Yomari Punhi, mwezi mpevu wa baada ya mavuno ya mpunga, ambao mara nyingi huangukia Desemba.

Zipo nyingine nyingi. Usizibebe zote mwaka wa kwanza, utachoka uache kabisa. Andika nne kwenye kalenda ya ukutani, na wiki mbili kabla ya kila moja andika "nunua vitu".

Hatua ya 2: Jaza kabati

Karibu kila kitu utakipata duka la Kihindi. Ukiwa na haya, umeshafika mbali.

*Baji.* Ni mchele uliopondwa ukawa bapa na mkavu. Msomaji wa Tanga, Pemba au Unguja ameshajua nazungumzia nini: ni ndugu wa pepeta, ila pepeta yetu hutokana na mpunga mchanga. Wahindi huita poha. Nunua nene, ile nyembamba ikiguswa na mchuzi inageuka uji. Baji haipikwi. Huliwa kavu hivyo hivyo, na ndiyo nguzo ya sahani ya Kinewari.

*Choroko nyeusi* zilizopasuliwa, zikiwa na maganda yake, kwa ajili ya wo. Wahindi huziita urad.

*Chaku.* Ni sukari guru iliyopikwa tena ikawa nzito na nyeusi. Ukiikosa, nunua sukari guru iliyokoza rangi kuliko zote dukani, uiyeyushe kwa moto mdogo na kijiko cha samli.

*Uwatu, manjano, bizari nyembamba, ufuta, tangawizi, kitunguu saumu.* Haya unayo tayari. *Timur*, pilipili ya milimani inayoufanya ulimi ufe ganzi, haipatikani kirahisi. Duka la Kichina huuza jamaa yake wa Sichuan, na inafaa.

*Mafuta ya haradali* yanahitaji maelezo kidogo. Ndiyo harufu ya jiko la Kinewari, lakini chupa nyingi zinazouzwa Uingereza zimeandikwa kwamba ni za kupaka tu, na Marekani hayaruhusiwi kuuzwa kama mafuta ya kupikia, kwa sababu ya asidi ya eruki iliyomo. Soma maandishi ya chupa. Mimi natumia mafuta ya kanola yaliyokamuliwa bila moto, maana mmea wake ni wa ukoo mmoja na haradali, na natia kijiko kidogo cha haradali niliyoitwanga papo hapo. Mavyaa alipoonja alisema harufu iko mbali kidogo ila njia ni hiyo hiyo. Nikaridhika.

Nyama ya asili ni ya nyati wa kufugwa, si huyu wetu wa Serengeti. Ughaibuni utatumia mbuzi, kondoo au kuku. Usiweke ng'ombe badala yake kabla ya kuuliza. Nyumba nyingi za Kinewari hazili ng'ombe, na kuleta nyama hiyo kwenye sahani ya ibada ni kuwavunjia heshima. Na usijaribu kubeba nyama au maziwa kutoka Kathmandu kwenye begi: Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu, vitachukuliwa uwanjani.

Hatua ya 3: Pima mkono wa mzee

Mavyaa hajawahi kutumia kijiko cha kupimia. Kwake kila kitu ni "kiasi", "ukufi", "mpaka uone". Alipokuja kututembelea miezi mitatu, nilinunua mzani mdogo wa jikoni. Kila alipochukua chumvi, nilimwomba aimwage kwanza kwenye mzani. Mara ya kwanza aliona ni usumbufu, wiki ya pili akawa anauita mwenyewe, "Leta mashine yako, mwanangu." Ukufi wake wa choroko ni gramu 70. Chumvi ya vidole vitatu ni gramu 3, karibu sawasawa kila siku. Daftari hilo ndilo kitu cha thamani kuliko vyote jikoni kwetu.

Kama mzee yuko mbali, mwambie mtu aliye naye apime upande wa pili, wewe uandike. Rekodi na sauti yake akiyataja majina kwa Nepal Bhasa. Mtoto akijua kusema *wo*, *baji*, *palu* (tangawizi) na *khen* (yai), ameshashika mlango wa lugha.

Hatua ya 4: Jifunze wo kwanza

Wo ni kitumbua bapa cha choroko nyeusi. Nasema uanze nacho kwa sababu kinaingia kwenye karibu kila sherehe, na kwa sababu Mswahili aliyewahi kupika bhajia za kunde ameshafanya nusu ya kazi.

Roweka nusu kilo ya choroko nyeusi usiku kucha. Asubuhi zisugue kwa viganja ndani ya maji mengi. Maganda yataelea, uyamwage, uongeze maji, urudie mpaka zibaki nyeupe. Kazi hii huchukua dakika 20, na watoto wanaipenda. Chuja vizuri sana. Saga kwenye blenda kwa maji machache kabisa, kijiko baada ya kijiko. Rojo likiwa la majimaji, wo itatandaa kama chapati ya maji na itakuwa ngumu.

Sasa jambo ambalo maandishi mengi hayakuambii: baada ya kusaga, lipige rojo kwa mkono. Zungusha upande mmoja tu, dakika 5 hadi 10, mpaka liwe jepesi na jeupe zaidi. Dondosha tone kwenye kikombe cha maji. Likizama, endelea kupiga. Likielea, liko tayari. Hapo ndipo utie chumvi, tangawizi iliyotwangwa na bizari nyembamba.

Pasha kikaango moto wa wastani na mafuta kidogo. Lowesha kiganja, chota donge, litandaze liwe upana wa kiganja na unene wa kidole. Funika. Kingo zikiwa kahawia, geuza. Ukipenda, pasulia yai juu yake kabla hujafunika. Nje iwe inavunjika kidogo, ndani laini kama sponji.

Hatua ya 5: Panga sahani, na upange watu

Samay baji ni sahani ya heri, yenye vitu vidogo vidogo vikizunguka baji: chhwela (nyama ya kuchoma yenye viungo), wo, yai la kuchemsha lililopitishwa kwenye mafuta, soya za kukaanga, samaki mkavu, viazi vya pilipili, mboga za majani, tangawizi mbichi iliyokatwa nyembamba. Uzuri wake kwa msafiri ni kwamba haihitaji jiko kubwa. Ndugu zetu wanaofanya kazi Doha, Dubai na Muscat wanajua maisha ya chumba kimoja na Wanepali, jiko la plagi moja mezani. Baji haipikwi, soya unazikaanga kwenye sufuria kavu, mayai unachemsha. Kilichobaki ni chhwela tu, na hii ndiyo njia yake:

Choma vipande vya paja la kuku mpaka kingo ziungue kidogo. Kwao nyama huchomwa kwa moto wa mabua ya mpunga, kwa hiyo harufu ya moshi ni sehemu ya ladha. Kata vipande vidogo. Changanya na kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili ya unga, bizari, chumvi na majani ya kitunguu. Pasha mafuta vijiko vitatu, tia nusu kijiko kidogo cha mbegu za uwatu, ziache mpaka ziwe nyeusi. Ndiyo, nyeusi, zikibaki kahawia hujafika. Zima moto, tia manjano, mwagia nyama yote kwa mpigo, ufunike haraka. Iache nusu saa. Huliwa ikiwa imepoa.

Kuhusu watu: katika karamu ya Kinewari watu huketi chini kwa mstari, kuanzia mkubwa kwa umri hadi mdogo, na mwenye nyumba hupita akigawa kwa mpangilio huo huo. Karamu huanza na baji na hukaribia mwisho na maziwa mgando. Usiuache mpangilio huu ukadhani ni urembo. Sisi tuliondoa meza ya chakula siku ya Mha Puja, tukatandika mkeka, mkeka wa ukindu wa kwetu Tanga hasa, na mtoto mdogo akajifunza kungoja kwa mara ya kwanza bila kelele. Simu yenye sura ya mavyaa tuliiweka mwanzo wa mstari, mahali pa mkubwa.

Sagan ina vitu vitano: yai, samaki, nyama, wo na aila, yaani pombe kali ya nafaka. Aila huchujwa nyumbani huko Nepal, lakini Uingereza na Marekani kuchuja pombe kali bila leseni ni kosa la jinai. Usijaribu. Nunua chupa dukani, na kwa watoto na wasiokunywa mimina maji ya matunda. Katika nchi za Ghuba, mimina maji ya matunda kwa wote.

Hatua ya 6: Kwati, mchuzi wa aina tisa za jamii ya kunde

Gunhu Punhi huja wakati wakulima wa bonde wametoka kupandikiza mpunga, miguu imekaa matopeni kwa wiki nyingi. Kwati ni ya kurudisha nguvu. Tisa zenyewe: kunde, choroko, choroko nyeusi nzima, dengu kubwa, soya, fiwi, njegere za kijani, njegere ndogo za kahawia, na maharage membamba yaitwayo masyang. Maduka ya Kinepali huuza mchanganyiko tayari. Mimi nachanganya mwenyewe, ukufi mmoja wa kila aina.

Dengu na soya ni wavivu kuchipua, kwa hiyo ziroweke siku moja kabla ya nyingine. Kisha chuja zote, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, weka mahali penye joto siku mbili au tatu, ukizisuuza asubuhi na jioni. Mche ukifika urefu wa punje ya mchele, pika. Zikianza kunuka uchachu, tupa, hakuna dawa.

Ukikosa masyang ukatia maharage mekundu, yachemshe kwa nguvu dakika 10 nzima, na usiyapike kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo, maana yakiwa mabichi yana sumu ya kuumiza tumbo. Presha kuka inamaliza shughuli yote. Mwisho pasha samli, tia mbegu za jwano (Wahindi huziita ajwain), zikinukia mwagia juu.

Hatua ya 7: Ifanye baridi ikusaidie

Takha ni nyama iliyopikwa na ngozi na mifupa mpaka supu ikaganda yenyewe kwenye baridi ya usiku. Kathmandu huingojea hadi miezi ya baridi. Wewe mwenye friji na Januari ya Ulaya huna kisingizio. Tumia miguu ya mbuzi ili igande vizuri.

Maziwa mgando ya Bhaktapur, juju dhau, maana yake "mfalme wa mgando". Siri yake ni maziwa ya nyati yenye mafuta mengi, na chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kinachofyonza maji na kuuacha mgando mzito. Chemsha maziwa kamili mpaka yapungue theluthi moja, tia sukari kidogo, yakiwa vuguvugu koroga kijiko cha mgando, mimina kwenye chungu. Huko vyungu hufunikwa kwa blanketi juu ya pumba za mpunga. Mimi naviweka ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwaka, usiku mzima. Usivisogeze.

Hatua ya 8: Tafuteni wenzenu, mpokezane zamu

Wanewari wana kitu kiitwacho guthi, chama cha ukoo au cha mtaa ambacho wanachama wake huandaa sherehe kwa zamu. Wafanyabiashara wao waliishi Lhasa, Tibet, kwa karne nyingi, miaka mingi mbali na nyumba zao, na huko pia waliishi kwa vyama na sherehe zao. Uingereza kipo Pasa Puchah Guthi UK. Ukikosa chama karibu, familia tatu zinatosha. Sisi tuko sita. Kila moja ina sherehe yake ya mwaka, na asiye na zamu huja na baji.

Hatua ya 9: Yomari, ukiwa tayari

Nimeiacha mwisho kwa makusudi. Yomari ni andazi la unga wa mchele lenye umbo la samaki, lenye chaku ndani, linalopikwa kwa mvuke. Ngano ya mji wa Panauti inasema mume na mke, Suchandra na Krita, walilitengeneza kwa mchele mpya wa mavuno, wakamkaribisha mpita njia, naye alikuwa Kubera, mungu wa utajiri. Jioni ya siku hiyo watoto hupita nyumba kwa nyumba wakiimba kuomba yomari.

Yomari zangu za kwanza, kumi na moja, zote zilipasuka. Unga wa mchele wa pakiti ulikuwa umekauka mno. Dawa ni hii: roweka mchele saa 3, chuja, utandaze kwenye kitambaa nusu saa, usage ukiwa bado na unyevu, uchekeche. Mwagia maji yanayochemka kidogo kidogo ukikoroga kwa mwiko, funika dakika 5, kisha kanda kwa mikono yenye mafuta mpaka donge likikunjwa lisifanye ufa. Lifunike muda wote kwa kitambaa cha maji.

Kwa kujazia, yeyusha chaku, tia ufuta uliokaangwa na kutwangwa, na nazi kavu iliyokunwa. Ipoe mpaka ichoteke kwa kijiko. Ikiwa ya moto italainisha kuta.

Chukua donge la ukubwa wa ndimu. Chovya kidole cha shahada kwenye mafuta, toboa, kisha uzungushe donge kwenye kidole polepole, ukibana na mkono wa pili, mpaka liwe kama pia yenye kina. Usikimbilie wembamba, unene wa sarafu mbili unatosha kwa anayeanza. Jaza, ufunge mdomo, uvute ncha uwe mkia. Mvuke dakika 10 hadi 12.

Kabla hamjala, wekeni chache kwenye ghala la mpunga. Kwetu ghala ni ndoo ya mchele ya plastiki, na huiweka kwenye chumba cha nje chenye baridi, yomari zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa safi. Tumia za chaku peke yake. Zenye maziwa ndani zitaharibika. Zinakaa siku nne bila kuguswa. Mwaka jana, asubuhi ya siku ya nne, yule wangu aliyekuwa hajui wo alishuka ngazi kabla ya sote, akafunua ndoo, akazitoa tatu zenye punje za mchele zimeganda mgongoni, akaziweka kwenye mvuke mwenyewe. Kisha akampigia bibi yake kumwonyesha.